Nimerefusha Programu Makusudi, Shemeji Yangu Ndiye Anayeadhibiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nauomba kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nne asubuhi natakiwa kuweka mezani kwa mkurugenzi ripoti ambayo nikiiandika kama anavyoitaka nitakuwa nimemponza shemeji yangu, na nikiiandika kama mambo yalivyo nitakuwa nimejianika mwenyewe, na nimeshaianza mara tano na kila mara naishia kwenye tarehe.

Mimi ni mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta za hospitali na kliniki, na kazi hii nilitafutiwa na shemeji, dada yake mke wangu, yule watoto wanamwita mama mkubwa, baada ya mimi kukaa nyumbani mwaka mmoja na nusu nikipeleka watoto shule na kurudi kulala. Yeye ndiye aliyenisemea, yeye ndiye aliyenipa kompyuta yake ya zamani nifanyie mazoezi, na miezi mitatu ya kwanza alikuwa ananikalia ubavuni ananirekebisha kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie kwamba sijui. Hilo naliandika mapema usije ukaniona sina shukrani.

Sasa kwa kuwa sijui kama unazifahamu hizi kazi, nikueleze kidogo. Kompyuta haiandikiwi kwa lugha tunayozungumza, ina lugha zake, na ni nyingi, na kila moja ina tabia yake. Shemeji anaandika kwa Python, ambayo ni lugha ya watu wasiopenda maneno, ukitaka orodha ipangwe unaiambia panga, imekwisha. Mimi naandika kwa Java, ambayo kabla hujaiomba kitu lazima ujitambulishe, utaje kila kitu ni cha aina gani, ufungue mabano, uyafunge, ndipo useme lililokuleta. Halafu yupo mzee mmoja tunayemwita Mzee Bohari kwa sababu anatunza programu ya zamani ya bohari ya dawa, na yeye yuko kwenye COBOL, lugha inayoandikwa kwa sentensi nzima nzima kama barua ya karani, kujumlisha namba mbili tu unaandika mstari unaojaa ukurasa upande hadi upande. Tulikuwa tunataniana kwa hayo, lakini hakuna aliyegombana.

Mambo yaliharibika alipokuja mkurugenzi mpya. Huyu bwana miaka yake yote alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, na siku ya kwanza aliuliza kila mtu anamaliza kiasi gani kwa wiki, tukatazamana, mtu mmoja akaropoka kwamba programu huwa na mistari, na kuanzia hapo tukawekewa ubao mweupe ukutani, majina yetu yote na idadi ya mistari kila Ijumaa. Shemeji alijaribu kumweleza. Mkurugenzi akasema sawa, tupimane. Tukapewa kazi moja watu watatu, kupanga majina ya wagonjwa kwa tarehe zao za kurudi kliniki, kila mtu kwa lugha yake, tuichape kwenye karatasi tulete mezani. Shemeji alileta nusu ukurasa. Mimi nilileta kurasa mbili. Mzee Bohari alileta saba, amezibana na pini.

Mkurugenzi akazichukua moja moja, mshauri, nakuapia alikuwa anazipima uzito kwa mkono.

"Huyu kaleta kijikaratasi," akasema.

"Mkurugenzi, zote tatu zinafanya kitu kilekile," shemeji akamjibu. "Ziendeshe uone."

"Sijauliza zinafanya nini. Nimeuliza nani kafanya kazi."

Kikao kikaishia hapo. Mimi pale nilipaswa kusema neno, hata moja, nikakohoa.

Wiki iliyofuata nilikuwa wa nne ubaoni na nikaambiwa nijitahidi, na sijui shetani gani alinikaa, nikajitahidi. Nilianza na kidogo, bano moja nikalipa mstari wake peke yake, halafu nikaanza kuandika maelezo juu ya kila hatua, hapa tunaongeza moja, na chini yake, moja imeshaongezwa, kisha majina, kitu ambacho ningekiita tarehe nikakiita tareheYaKurudiKlinikiYaMgonjwaTunayemshughulikiaHapaSasaHivi, nacho hakienei mstari mmoja. Mwezi wa pili nikawa namba moja. Nikahamishiwa kiti cha karibu na dirisha, ambacho kina upepo na hakipigwi na jua la mchana, kiti alichokuwa amekalia shemeji. Wenzangu wakanipa jina la Kilomita. Nilipiga picha ya ubao nikamtumia mama watoto, naye akaipeleka kwenye kundi la simu la ukoo wao, na baba mkwe akanipigia mwenyewe, yeye ambaye kipindi sina kazi salamu yangu alikuwa anaiitikia kwa kidevu, akasema, "Mkwe wangu, umetutoa aibu." Mshauri, ungekuwa wewe ungeacha?

Mzee Bohari tu ndiye aliyenisema. Tulikutana kwenye birika la chai, nikamwamkia, akaniitikia, akaniambia, "Bwana mdogo, lugha yangu imezaliwa hivyo, inataka kila kitu kitamkwe kwa kirefu. Yako naijua. Ina maneno kiasi chake, lakini haisemi jambo moja mara kumi na mbili. Hayo mengine ni yako wewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na ni kweli kulikuwa na mara kumi na mbili. Tulipewa programu ya kliniki ya wajawazito, ile inayowatumia akina mama meseji ya siku ya kurudi. Shemeji akachukua sehemu ya kusoma majalada na kuchagua nani zamu yake imefika, akaimaliza kwa mistari arobaini. Mimi nikachukua sehemu ya kupanga siku na kutuma meseji. Kanuni yake ni nyepesi, kliniki haifunguliwi Jumapili, kwa hiyo siku ikiangukia Jumapili isogezwe Jumatatu. Ni mstari mmoja au miwili. Lakini ilikuwa Alhamisi na ubao unajazwa kesho yake, kwa hiyo nikaiandika mwezi kwa mwezi, Januari peke yake, Februari peke yake, hivyo hivyo hadi mwisho, nikawa nanakili na kubandika, na nilipofika mwezi wa tisa nikaitwa kwenda kumwonyesha mgeni wa mkurugenzi namba yangu ubaoni, niliporudi nikaendelea na wa kumi. Ule wa tisa kanuni ya Jumapili haimo.

Jumapili ya wiki iliyopita wanawake arobaini na watatu waliamka na meseji yetu wakaenda kliniki. Lango limefungwa. Mlinzi hana taarifa. Walianza kufika saa moja asubuhi na wengine walisimama hadi saa saba kwa sababu meseji inasema njoo.

Jumatatu mkurugenzi akatuita. Hakufungua kompyuta hata moja. Alichukua karatasi za programu, yangu imejaa faili, ya shemeji karatasi moja, akaiinua ile moja akasema, "Kitu kifupi namna hii hakiwezi kuwa kamili. Humu ndimo kilimosahauliwa kitu." Shemeji akasema, "Nitakagua." Basi. Mkurugenzi akasema hapana, atakagua Kilomita, na aandike ripoti, na iwe ripoti ya kueleweka, isiwe na ufupi ufupi. Shemeji wakati huo ahamie meza ya simu, ile iliyo mlangoni mwa choo, apokee malalamiko. Na mimi nikishaikabidhi ripoti nitakuwa mkufunzi wa wenzangu wote, niwafundishe kuandika kwa ukamilifu.

Kinachonimaliza ni nyumbani. Shemeji Jumatano alikuja kula na sisi kama kawaida, akacheza na watoto, hakunitazama vibaya wala vizuri. Alipoondoka mama watoto akanikalia mbele akasema, "Baba nanihii, dada yangu anahangaika kazini. Wewe Mungu amekujalia. Hebu mfundishe na yeye aandike kama wewe." Nikamwambia nitaangalia.

Mshauri, hakuna anayejua isipokuwa mimi, na pengine Mzee Bohari anahisi. Faili langu lina mistari elfu moja na mia moja, hakuna mtu atakayeisoma yote. Naweza kurekebisha mwezi wa tisa kimya kimya, nikaandika ripoti kwamba chanzo hakikupatikana, hivyo shemeji hasemwi na mimi sisemwi. Je, hiyo si njia ya kati? Au nimwambie shemeji peke yake tuelewane kifamilia? Nisaidie, chakula hakipiti.

Ni mimi, Kilomita.

*

Kilomita, ndugu yangu,

Barua yako ilifika ikiwa na kurasa tisa. Wasomaji wamesoma nne, nyingine nimezitoa mimi kwa kalamu nyekundu, na nakuhakikishia hakuna kilichopotea. Kurasa mbili nzima ulikuwa unaeleza kile kiti cha dirishani. Moja na nusu ilikuwa simu ya baba mkwe. Wanawake arobaini na watatu wenye mimba, waliosimama juani mbele ya lango lililofungwa, umewapa mistari minne. Kumbe ukitaka kufupisha unaweza.

Sijui kompyuta. Kwa hiyo nilimwita fundi anayetutengenezea mashine hapa gazetini, nikampa barua yako bila kumtajia ya nani. Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akaniambia mambo mawili ambayo na wewe unayajua. La kwanza, lugha ndefu haina kosa lolote. Huyo Mzee Bohari wenu kurasa zake saba ni halali yake, na mtu atakayekuja kuzisoma miaka ishirini baadaye atamshukuru. La pili, ufupi nao si utakatifu. Fundi wetu amewahi kuandika mstari mmoja ulioviringishwa kwa ustadi, akajisifu nao wiki nzima, na mwezi uliofuata yeye mwenyewe akakaa siku mbili anajiuliza alimaanisha nini. Kwa hiyo usije ukajitetea kwa Java. Java haikukutuma. Ungepewa lugha ya shemeji yako ungeirefusha vilevile, maana ulikuwa unamwandikia ubao, si kliniki.

Nakuonea huruma, sikufichi. Mtu aliyekaa nyumbani mwaka na nusu, akiitikiwa salamu kwa kidevu, akiwekwa juu ya ubao siku moja ataupenda huo ubao. Na mkurugenzi wako ni mzigo mwingine, ningekuwa na nafasi ningemwandikia barua yake. Lakini yeye hajui. Wewe unajua. Yeye amepotea kwa ujinga wa kazi mpya, wewe umepotea huku unaiona njia, na mahali pa kusema neno ukakohoa.

Hiyo unayoiita njia ya kati haipo. Ukiandika kwamba chanzo hakikupatikana, shemeji anabaki mlangoni mwa choo akipokea matusi ya kosa lako, na wewe unabaki na mwezi mwingine ambao hukuukagua. Umeukagua? Umesema umenakili mara kumi na mbili, na umegundua mmoja. Kaa chini leo uangalie wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili kabla hujanililia mimi. Kuna mwanamke sasa hivi anasubiri meseji yako.

Na hili la "tuelewane kifamilia" likome. Unataka shemeji akusitiri kwa sababu ni dada wa mkeo. Alishakusitiri miezi mitatu kwa sauti ya chini. Imetosha.

Unachofanya ni hiki. Kesho asubuhi, kabla hujavaa viatu, mwambie mkeo. Usimwambie kwa kuzunguka, usianze na mkurugenzi, anza na "mimi ndiye niliyekosea, dada yako hana kosa". Atakasirika, na atakasirika zaidi kwa ile picha aliyoisambaza kuliko kwa programu, mwache amalize. Ukifika kazini nenda moja kwa moja kwenye meza ya simu, si kwa mkurugenzi. Mwambie shemeji uliyoniambia mimi, ila usimwambie chakula hakipiti, hilo si tatizo lake. Kisha andika ripoti. Taja faili, taja mwezi, taja kwamba ni wewe, taja kwamba mistari elfu moja na mia moja ingeweza kuwa sabini, kwa hesabu ya fundi wetu. Isizidi nusu ukurasa. Ipeleke Alhamisi, usingoje Ijumaa. Ukufunzi uukatae kwa mdomo wako mwenyewe. Na kiti ukirudishe kabla hujaambiwa.

*

Wasomaji, safu hii hutoka Jumamosi, na huyu bwana alikuwa na miadi ya Ijumaa, kwa hiyo jibu nilimsomea kwa simu Jumanne mchana. Ijumaa jioni akanipigia kunieleza yaliyotokea, na nayaandika kwa ruhusa yake, nikiwa nimeyapunguza sana.

Miezi aliikagua siku ileile, na mwezi wa kumi na mbili nao ulikutwa na kosa lingine, amelisahihisha. Mkewe aliposikia alisema sentensi moja tu, "Baba utampigia wewe." Alimpigia. Baba mkwe alisikiliza, akauliza kama kazi bado ipo, akakata simu.

Shemeji alikuwa ana simu sikioni, mama mmoja akimfokea, akamwonyesha Kilomita kwa mkono asubiri. Alipomaliza akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilifungua faili lako Jumatatu ileile," akamwambia. "Ilinichukua dakika kumi kuufikia mwezi wa tisa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba kosa ni la mume wa mdogo wangu? Nilikupa hadi Ijumaa. Ungeniandika mimi, ningesema."

Ripoti Kilomita aliipeleka Alhamisi, nusu ukurasa kama tulivyokubaliana. Mkurugenzi akaigeuza nyuma kutazama kama kuna maandishi, hakukuta, akamrudishia.

"Hii ni fupi mno. Kairefushe."

Kilomita anasema alirudi mezani akakaa na kalamu, na mkono ulikuwa umeshaanza kuandika utangulizi. Shemeji akapita akaichukua ile karatasi, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Imekamilika. Mrudishie hivi hivi." Akamrudishia hivi hivi. Safari hii mkurugenzi, kwa kukosa cha kuhesabu, aliisoma.

Kazi hajafukuzwa. Ubao nao bado upo ukutani, wasiwe na haraka ya kushangilia wale wanaodhani ukweli huondoa mbao siku moja. Shemeji amerudi dirishani, na meza ya mlangoni mwa choo amepewa Kilomita, pamoja na orodha ya akina mama arobaini na watatu na amri ya kumpigia kila mmoja kumwomba radhi. Jana alimaliza wa kumi na moja. Nilimuuliza wanampokeaje. Anasema hadi sasa hajampata hata mmoja wa kumsema kwa kifupi.